Mawakala Watatu na Kaunta Buku Nne

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zile zamani za sungura kumdanganya fisi. Nasema zamani hii ya juzi, watu wameshazoea kutuma pesa kwa simu na mbuzi kwa basi. Kabla sijaanza tuwekeane sharti. Kila nitakaposema "wakala", nyie niulizeni "yupi?" Asiyeuliza asije akalalamika mbele ya safari kwamba amepotea. Haya, tujaribu. Wakala!

Nyie wa nyuma mmelala, lakini tutafika.

Palikuwa na mwanamke huko Korogwe, jina lake Tunu Shemhilu, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Kazi yake ilikuwa kupokea barua, kuzigonga muhuri na kuziweka kwenye majalada ambayo hakuna aliyeyafungua tena. Kwa miaka kumi na mmoja, wenzake walipokwenda kula chakula cha mchana, yeye alifunga mlango wa masjala, akatoa kaunta buku, akaandika. Aliandika riwaya. Aliiita Mke wa Kaimu, na ilimhusu bwana mmoja aliyekaimu ukuu wa idara miaka nenda rudi bila kuthibitishwa, mpaka nyumbani nako mkewe akaanza kumwita "kaimu mume wangu". Ilipokwisha ilijaza kaunta buku nne, kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, nakala moja tu duniani. Hakuwahi kumsomea mtu hata mstari.

Tunu akawaandikia wachapishaji wa Dar. Wakamjibu. Kwa mtu aliyezoea kuhifadhi barua zisizojibiwa, kule kujibiwa tu kulimtoa machozi kabla hajafungua bahasha. Ndani mlikuwa na mistari miwili: "Hatupokei miswada kutoka kwa waandishi wenyewe. Tafadhali tuma kupitia wakala."

Mmeuliza yupi? Vizuri. Na Tunu alijiuliza hivyo hivyo, akaigeuza barua nyuma na mbele, hawakusema. Lakini karani anayeijua kazi yake habishani na maelekezo. Imeandikwa kupitia wakala, basi itapitia wakala. Na pale Korogwe ukimuuliza mtu wakala yuko wapi, atakunyooshea kidole kwenye mwavuli wa karibu.

Mwavuli wa karibu ulikuwa wa Chausiku, dada wa miaka thelathini hivi, mwenye meza ya kutuma na kutoa pesa jirani na stendi.

"Shikamoo da' Tunu. Kutuma au kutoa?"

"Marahaba. Kutuma."

"Namba?"

"Sina namba. Nina hizi." Tunu akaweka kaunta buku nne mezani.

Chausiku akazitazama kama mtu aliyeletewa kuku hai dirishani benki. "Da' Tunu, hizi haziingii kwenye simu."

"Barua imesema kupitia wakala. Wewe si wakala?"

Sasa Chausiku ni mtu ambaye tangu afungue ile biashara hajawahi kumwambia mteja "sina". Salio likiisha, atakwambia kaa kidogo. Akavuta kaunta buku upande wake. "Wakala si ndiye mimi? Niachie. Mtandao ukitulia tutajua la kufanya."

Mtandao haukutulia. Siku ile ulikata tangu saa tatu asubuhi, foleni ikawa ndefu, watu wakaanza kusonya. Chausiku, kwa kuhofia wasihamie mwavuli wa pili, akafungua kaunta buku ya kwanza akawasomea kwa sauti. Mtandao uliporudi hakuna aliyenyoosha simu. "Endelea kwanza," wakamwambia.

Kesho yake watu walikuja kutuma pesa ambazo hawakuwa nazo. Chausiku alisoma kwa namna yake. Akifika patamu, Kaimu anasikia mlango wa uani unafunguliwa, anafunga kitabu. "Mtandao umekata. Rudini saa kumi." Akifika pa kuchosha, anachukua penseli, anaandika pembeni RUKA, anaruka. "Hapa pana mvua kurasa sita," anawaambia, "na mvua nyie mnaijua."

Siku ya nne Tunu alikuwa akitoka kazini. Akasikia sentensi yake mwenyewe katika mdomo wa mtu mwingine, na watu wakiangua kicheko. Akajibanza nyuma ya kibanda cha chipsi. Alitaka kukasirika. Nani alimpa ruhusa huyu ya kuwasomea watu? Lakini miguu ilikataa kusogea. Miaka kumi na mmoja hakujua kama alichokiandika kinachekesha, na sasa alijua, akalia pale pale, na muuza chipsi akamwomba radhi kwa moshi.

Ikafika kaunta buku ya nne, ikafika mwisho. Mke wa Kaimu, baada ya vituko vyote vile, anamsamehe mumewe, anajifunga kanga, anarudi jikoni. Foleni ikalipuka.

"Umeruka ukurasa, wewe!" akafoka mama mmoja muuza nyanya.

"Sijaruka!"

"Basi aliyeandika ndiye karuka. Mwanamke huyu tunamjua sisi. Jikoni harudi!"

Tunu alikuwa nyuma ya chipsi, kalamu mkononi. Jumapili yote akakaa kibarazani kwake akiandika mwisho mpya: mke anachukua karatasi, anamwandikia mumewe barua rasmi, yenye kumbukumbu namba na tarehe, kwamba "umethibitishwa kuwa mume, kwa majaribio ya miezi sita". Jumatatu Chausiku aliubandika mwishoni mwa kaunta buku ya nne, mahali pa ule wa zamani, akausoma. Watu wakashangilia hadi askari wa barabarani akaja kuuliza kuna nini, wakamsimulia tangu mwanzo, na magari yakajiongoza yenyewe mpaka adhuhuri.

Katika ile foleni alikuwamo Hizza Semgaya, aliyekwisha kusikia kwa Chausiku habari ya ile barua. Huyu alikuwa wakala.

Yupi? Naam. Wa mabasi. Mkata tiketi na mpokea mizigo, mtu mzima, miaka kumi na minane stendi.

"Dada'angu," akamwambia Tunu, "Chausiku anakuchelewesha. Hao wachapishaji wako wapi?"

"Dar."

"Kitu kikitoka Korogwe kwenda Dar kinapita kwa nani?"

Hizza akageuka kumwonesha mgongo. Kizibao chake cha kijani kilikuwa kimeandikwa WAKALA, kwa herufi za kusomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. "Wakala si ndiye mimi?"

Tunu akaona ni kweli, barua inasema "tuma", na Chausiku mwezi mzima hajatuma kitu. Chausiku alinuna, lakini akazifunga zile kaunta buku kwa kanga yake mwenyewe akazitia kwenye boksi la sabuni. Tunu akaandika kwenye kikaratasi: MSWADA, na chini yake jina la wachapishaji. Hizza akachukua kalamu ya wino mzito ili anakili juu ya boksi.

Hapa nisikilizeni vizuri. Hizza ni muungwana. Kwake yeye mswada ni kitu cha bungeni. Haiwezekani karani wa Korogwe awe na mswada ndani ya boksi la sabuni. Akaona dada wa watu amekosea herufi, akaona haya kumuumbua mbele za abiria, akamrekebishia kimya kimya. Juu ya boksi akaandika MSAADA. Jina la wachapishaji akaliweka chini, dogo dogo.

Na mwaka ule mafuriko yalikuwa yameikumba Kilosa. Basi lilipofika Chalinze, kando ya barabara lilikuwa limesimama lori linalokusanya misaada. Kondakta akasoma boksi, akaona huo ndio utu, akalikabidhi kwa mikono miwili.

Siku ya tatu Hizza akapiga simu Dar, boksi halijafika. Akapiga Chalinze. Akasikia neno lori, akasikia neno Kilosa, akaketi juu ya gunia la abiria. Kisha akafanya jambo ambalo wapokea mizigo wengi hawalifanyi. Akaenda masjala mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Dada'angu, kosa ni langu. Nilikutolea W nikakutilia A."

Tunu hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Kaka Hizza, nakala ni ile moja tu."

Hizza hakuwa analijua hilo. "Basi kesho asubuhi mimi na wewe tuko njiani."

Miaka kumi na minane hakuwahi kuacha kituo chake, ila siku tatu tu alipofiwa na baba yake. Safari hii akakiacha. Kila stendi alipiga mluzi, na mawakala wenzake wakamtafutia gari la mbele. Barabara ilipokuwa imekatika akavua viatu, akaweka mkoba wa Tunu kichwani, akaingia topeni akimwonesha pa kukanyaga. Njia nzima Tunu alikuwa akijaribu kukumbuka kaunta buku ya kwanza, sentensi kwa sentensi, na alikuwa amekwama ukurasa wa pili.

Misaada ilikuwa imehifadhiwa katika darasa la shule. Ndani, juu ya magunia ya mitumba, ameketi bwana mmoja mwenye miwani, suruali ameikunja hadi magotini, amezama katika kaunta buku ya nne.

"Hiyo mali yetu," Hizza akasema.

Bwana hakuinua macho. Aliinua kidole. "Ngojeni kidogo. Anamthibitisha."

Aliitwa Leonidas Kashaija. Alikuja Kilosa kumwona mama mkwe wake aliyeharibikiwa na nyumba, akatumwa ghalani achukue blanketi, akafungua boksi la kwanza aliloliona. Kaunta buku iliyokuwa juu ilikuwa ya nne. Akasoma mwisho, akacheka, akataka kujua mwanzo, akazimaliza zote, na sasa alikuwa akiurudia ule mwisho. Mama mkwe alikuwa akingoja blanketi tangu jana.

"Nani kaandika hii?" akauliza.

"Mimi," akasema Tunu. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka hilo mbele ya mgeni.

"Mama, una wakala?"

"Anaye," Hizza akadakia, akageuza mgongo.

Bwana Kashaija akausoma mgongo. "Samahani, ndugu. Wakala si ndiye mimi?"

"Wa mabasi gani?"

"Wa waandishi."

Hizza akacheka hadi akakohoa. "Dada'angu, tuondoke, huyu tapeli. Tangu lini waandishi wakawa na stendi?"

Bwana Kashaija akaeleza kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kusimama kati ya mwandishi na mchapishaji: wanausoma mswada, wanaunoa, wanaupeleka, wanaupigania. Wako wachache, na yeye ni mmojawapo. Ile barua ilimkusudia mtu kama yeye. Tunu akahisi masikio yanawaka. Mwezi mzima ameulizwa kutuma au kutoa! Halafu akamtazama Hizza, tope hadi kiunoni, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mlango.

Bwana Kashaija akaondoka na mswada, ila safari hii Tunu hakubanduka Morogoro mjini mpaka kila ukurasa ulipotolewa kopi mbele ya macho yake. Bwana yule akakata kurasa sitini. Akaupeleka kwa wachapishaji, wakaukataa, wakasema watumishi wa umma watanuna. Akaurudisha, wakaukataa. Mara ya tano hakuomba kumwona mtu. Aliketi mapokezi akamsomea mlinzi na dada wa mapokezi, na alipofika patamu alifunga akaaga. Siku ya tatu ya mchezo huo, mhariri mkuu mwenyewe alitoka ofisini kuuliza nani alifungua ule mlango wa uani.

Wakakubali, kwa sharti moja: mke arudi jikoni. Bwana Kashaija akachukua mswada wake akafika mlangoni. Wakamwita arudi.

Mkataba ukaja Korogwe, aliuleta Bwana Kashaija mwenyewe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja: "Jina la wakala." Chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba wakala ni mtu mmoja, kwamba jina lake litachapwa mwanzoni mwa kila nakala, na kwamba kitabu kitakachofuata kitapitia kwake yeye tu. Na Tunu alikuwa ameshaanza kaunta buku ya tano.

Jumapili akapika wali na kisamvu cha nazi, akawaita wote watatu. Walikula vizuri. Walipomaliza kunawa, Tunu akaweka mkataba mkekani, na hapo urafiki ukaisha.

"Mimi ndiye niliyeusoma kwanza," akaanza Chausiku. "Mimi ndiye niliyeupatia watu. Mwisho mnaoupigia makofi, foleni yangu ndiyo iliyoudai. Na wewe, baba, hizo kurasa sitini ulizokata, ulizijuaje?"

Bwana Kashaija akasafisha miwani. "Palikuwa na alama za penseli."

"RUKA, RUKA, RUKA. Mwandiko wa nani? Na kule kufunga patamu, ulikutoa wapi?"

"Bi Tunu alinisimulia."

"Mnasikia! Mkasi wake, chaki yangu."

"Dada, sikatai," akasema Bwana Kashaija. "Lakini ungesoma pale mwavulini miaka mia, mchapishaji asingepita kutoa pesa. Mimi nilijua mlango wa kwenda kusomea, na nikafukuzwa hapo mara nne. Waliposema arudi jikoni, foleni yako haikuwepo. Nilikuwepo mimi. Katika watu wote waliomo humu, barua ile ilimwita mmoja tu."

"Ilikuita ukawa wapi?" Hizza akauliza. "Ulikuwa umekalia mitumba. Nani alikuletea huo mswada miguuni?"

"Umeuleta kwa kukosea!"

"Nimekosea, ndiyo. Nyie mnajisifia werevu, mimi nataja kosa langu, na bila lile kosa boksi lingefika Dar likakaa chini ya meza ya mlinzi, maana halikuwa na wakala wa kulisemea. Mkalitafute kosa lingine lenye faida namna hiyo. Halafu nililifuata. Dada'angu, nilivua viatu."

"Nilikuona, kaka," Tunu akasema.

"Kulifuata ilikuwa wajibu wako!" Chausiku akamkatiza. "Ungelipoteza moja kwa moja tungekuwa tunasomeana nini leo?"

"Na wewe uliwasomea watu kwa ruhusa ya nani?"

Chausiku akamgeukia Tunu peke yake. "Sina ruhusa, da' Tunu. Wala sikujua kama kuna mawakala wa vitabu, naapa. Lakini ulikuja pale na kaunta buku zako umezikumbatia, ukaniuliza, wewe si wakala? Ningesema hapana, ungezipeleka wapi?"

Tunu alijua zingekwenda wapi. Zingerudi kabatini masjala, chini ya majalada, na yeye angestaafu akaziacha humo. Roho ikamuuma. Akamtazama Chausiku, aliyemwonesha kwamba anachekesha. Akamtazama Hizza, aliyekuja kukiri kosa lake bila kuitwa. Akamtazama Bwana Kashaija, aliyesimama mlangoni kwa ajili ya mwanamke wa kwenye karatasi. Akimchagua mmoja, wawili wataondoka wakiamini walitumika tu. Akimchagua asiyefaa, kaunta buku ya tano itabaki yatima.

Najua mnataka kusema nini. Aandike wote watatu! Hata yeye alilifikiria, akaupima ule mstari kwa rula ya ofisi. Mchapishaji amesema mmoja, na karani habishani na maelekezo. Nanyi msimbishie.

Basi la Dar lilikuwa la saa nane, na Bwana Kashaija alikuwa na tiketi yake. Saa saba na nusu Tunu akaingia ndani, akafunga mlango kama alivyozoea kufunga ule wa masjala, akaandika jina. Akatoka na mkataba umekunjwa. Bahasha ilibidi itoke kwa Chausiku, ndiye anayeziuza. Chausiku akaipaka gundi mwenyewe, kisha akaiinua juani aone kama inapenyeza. Ikaenda kwa Hizza, aipokee kama mzigo. Akaipima mkononi, utasema majina yana uzito tofauti, akaandika juu yake MKATABA, herufi moja moja, akimwonesha Tunu kila anapoongeza. Ikaishia mfuko wa koti wa Bwana Kashaija, naye akaibonyeza kifuani kila baada ya daraja hadi Dar. Hakuna aliyeifungua. Walikuwa wakorofi, ila hawakuwa wezi.

Kule mjini mhariri mkuu akaichana, akasoma jina la wakala.

Haya, sharti ni sharti. Niulizeni!

Mmeuliza wote, hata wa nyuma. Lakini swali hilo leo nawarudishia nyie, maana mimi nina mdogo wangu mwenye mwavuli, shemeji yangu yuko stendi, na mswada wangu mwenyewe unatafuta wa kuusemea, kwa hiyo mdomo wangu nimeufunga kwa gundi ya Chausiku. Yupo aliyesoma bila ruhusa. Yupo aliyepoteza akafuata. Yupo aliyeitwa na barua akafika wa mwisho. Je, ni nani aliyestahili ule mstari?